Sura ya Nne: Kodi ya Miezi Sita

Wiki ya kwanza ya Januari Mjomba alipokea shilingi 2,160,000. Nyumba yake ya Mbagala ilikuwa imekamilika siku chache kabla ya Krismasi: vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi katikati, choo na bafu uani, umbo lile lile la nyumba ya Kiswahili lililojaza Kariakoo, Ilala na Magomeni tangu enzi za babu zetu. Kila chumba 60,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Jioni alinipigia simu, sauti imechangamka kama ya kijana. "Mpwa wangu," akasema, "sasa ndiyo nimestaafu."

Februari akalipa ada ya mtoto wa mwisho, akanunua seti ya makochi, akachangia harusi mbili. Machi akaenda kijijini kulijengea kaburi la mama yake, jambo alilokuwa ameliahidi kwa miaka mingi. Hakunywa, hakucheza kamari. Kila shilingi ilikwenda mahali pa heshima. Aprili masika yakashuka. Shimo la choo, lililochimbwa haraka haraka ili nyumba iwahi wapangaji, likapandisha maji kutoka chini, na asubuhi moja wapangaji na watoto wao wakaamka uani hapakanyagiki. Mjomba alikuwa na shilingi 40,000 mfukoni.

Alikopa 500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Gari la majitaka likaja, shimo jipya likachimbwa na kujengewa. Julai wapangaji walipoleta kodi ya miezi sita mingine, 800,000 zilikwenda moja kwa moja kwa mkopeshaji, kabla Mjomba hajanunua hata kilo ya sukari. Mwaka ule nyumba ya vyumba sita, yote imejaa, haikuwa na chumba hata kimoja kitupu, na mwenye nyumba alikuwa anakopa unga dukani.

Nimesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu Mjomba hakukosea mahali ambapo vitabu vingi vya uwekezaji hututahadharisha. Hakutapeliwa kiwanja, wapangaji wake hawakuwa wakorofi, fundi hakumkimbia. Alikosea kitu kimoja tu: aliipokea kodi ya miezi sita akadhani ni yake.

Haikuwa yake. Siku mpangaji anapokuhesabia 360,000 za chumba kimoja, bado hujampa chochote zaidi ya ufunguo. Umempokea mkopeshaji. Amekukopesha 360,000, nawe utamlipa kwa kumlaza chumbani usiku mmoja baada ya mwingine mpaka siku ya 180. Januari ikiisha, 60,000 zimekuwa zako. Zilizobaki 300,000 ni deni, hata kama ziko kwenye simu yako na jina lako limeandikwa juu. Tarehe mosi Aprili, Mjomba alikuwa amestahili 1,080,000 kwa vyumba vyote sita, na 1,080,000 nyingine zilitakiwa ziwe bado zimelala mahali. Zingekuwapo, choo kingefurika na kuzibuliwa siku hiyo hiyo bila yeye kubisha hodi kwa mtu.

Deni hili hujionyesha wazi pale mpangaji anapoondoka mapema. Chumba cha nne alikaa muuguzi. Mwezi wa tatu akahamishiwa Lindi, akaja na barua yake ya uhamisho: "Shikamoo, Mjomba. Naomba unirudishie miezi yangu mitatu iliyobaki." Alimwita hivyo, kama walivyomwita wapangaji wote. Mjomba alijisikia ameonewa, kana kwamba binti anamwomba zawadi. Ilichukua wiki mbili na wazee wawili wa mtaa kumfikisha kwenye kukiri kwamba zile 180,000 zilikuwa za muuguzi tangu mwanzo. Walikuwa hawajaandika mkataba. Ungekuwapo, ungesema mapema nini kinatokea mmoja akiondoka katikati, na wazee wangebaki na bao lao.

Desturi ya mkupuo ina historia yake. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984. Ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi na muda wa kulipa ni makubaliano ya pande mbili. Kwa kuwa wanaotafuta vyumba Dar es Salaam ni wengi kuliko vyumba, upande mmoja ndio unaokubaliwa. Simlaumu mwenye nyumba kwa kuogopa kugonga milango kila mwisho wa mwezi. Kudai ni kazi chungu, na inavunja ujirani. Lakini nimekuja kuamini kwamba mkupuo unamuumiza mwenye nyumba mdogo kuliko anavyojua. Kwanza, unamzoesha kuishi kama mkulima wa zao moja: neema mwezi mmoja, ukata mitano. Pili, unamfukuzia watu wema. Mwalimu anayeanza kazi, fundi cherehani, mama lishe mwenye wateja wa kudumu, hawa wanaweza kulipa 60,000 kila mwezi kwa miaka kumi bila kukosa, ila hawatapata 360,000 kwa siku moja pasipo kukopa. Atakayezipata kirahisi si lazima awe mlipaji bora. Ni mtu aliyekuwa na fedha siku ile.

Tafuta nafasi ya katikati. Miezi mitatu ya mwanzo, kisha mwezi kwa mwezi kwa aliyethibitisha uaminifu wake, na kiasi kidogo cha amana ya uharibifu kilichoandikwa kwenye mkataba. Na kama mtaa wako hauelewi lugha nyingine isipokuwa miezi sita, pokea, lakini ziweke kwenye akaunti au laini ya simu isiyokuwa ile unayonunulia mboga. Kila mwisho wa mwezi jilipe mwezi mmoja. Mjomba aliponiuliza kwa nini ajisumbue kuhamisha fedha zake mwenyewe kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, nilimjibu kwamba mfuko wa kulia ni wa wapangaji.

Hata huo mwezi mmoja si wote wako. Lugha yetu ina jambo hapa ambalo nimelitafakari sana: fedha anayotoa mpangaji tunaiita kodi, na fedha inayodaiwa na serikali tunaiita kodi vilevile. Mwenye nyumba husikia ya kwanza tu. Pango la mwenye nyumba mkazi lina kodi ya zuio ya asilimia 10. Kuna na kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU: ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa mwaka ni 18,000 tu kwa nyumba ya chini, fedha isiyomfilisi mtu, lakini nimeona ugomvi mkubwa ukizaliwa na hizo 1,500. Jengo ni lako, kodi ni yako. Mrudishie, au ikate kwenye pango, na iandikwe.

Sasa tuifanye hesabu yote ya Mjomba, ile ambayo ilitakiwa ifanywe kabla ya tofali la kwanza. Tuseme kiwanja na ujenzi vilimgharimu milioni 45. Vyumba sita kwa 60,000 ni 4,320,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya haraka, ambayo ndiyo watu wengi huishia, ni asilimia 9.6, na inapendeza. Ondoa sasa mwezi mmoja kwa kila chumba, maana hakuna chumba kisichokaa kitupu kati ya mpangaji na mpangaji: 360,000. Ondoa asilimia 10 ya serikali kwenye kilichobaki: 396,000. Ondoa kodi ya majengo, 18,000. Weka 450,000 za rangi, bomba, kitasa, bati lililong'olewa na upepo, na choo. Imebaki 3,096,000. Igawe kwa vyumba sita na miezi kumi na miwili, utaona kwamba kila 60,000 iliyoandikwa kwenye mkataba ina 43,000 za mwenye nyumba. Hizo ndizo za ada, makochi na harusi. Nazo, kwa milioni 45, hazifiki asilimia 7.

Weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani ya serikali ya miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Hata baada ya kushushwa, milioni 45 kwenye hatifungani hiyo zingeleta 5,445,000 kwa mwaka, na riba ya hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi. Hulipwa kila baada ya miezi sita, ikiwa imeshaiva, kinyume kabisa na mkupuo wetu unaoliwa mbichi. Hakuna shimo la kujaa. Nilipomwonyesha Mjomba karatasi hii alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Lakini hatifungani huwezi kulala ndani yake."

Alikuwa na hoja. Ardhi ya Mbagala haishuki thamani kama noti inavyoshuka. Kodi ya chumba hupanda na bei za mji, wakati riba ya hatifungani imefungwa pale pale kwa miaka 20. Nyumba unaiachia watoto, na wakikwama wana pa kuweka godoro. Hizi ni sababu nzuri kabisa za kujenga. Ninachoomba ni kwamba anayejenga ajue ananunua vitu hivyo, na ajue amevilipia kiasi gani, asije akadhani amenunua mshahara. Mstaafu anayehitaji fedha ya dawa kila mwezi ana haja tofauti na kijana wa miaka 35 anayeweza kungoja. Nimewaona wastaafu wengi wakitia mafao yote ardhini, na kinachoniuma zaidi ni wale ambao fedha iliwaishia kwenye linta. Nyumba iliyoishia kwenye linta haimlazi mtu na haileti senti. Nondo zinashika kutu, tofali zinaota ukungu, na kila mvua inakula sehemu ya akiba. Afadhali vyumba viwili vyenye choo kizuri na mlango unaofungwa kuliko msingi wa vyumba kumi. Vyumba viwili vitasaidia kujenga cha tatu.

Nadhani sehemu ya tabu yetu ni kwamba kizazi cha wazazi wetu hakikupewa nafasi ya kujifunza biashara hii hadharani. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Masharti yale ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Kwa zaidi ya miaka ishirini, basi, mtu mwenye vyumba vya kupangisha alikuwa na sababu ya kutovizungumzia sana. Aliyekuwa na daftari hakulionyesha. Tulirithi nyumba, hatukurithi mahesabu.

Kiwanja kinastahili sura yake, na nimekipa sura ya pili, lakini kuna jambo moja la kiwanja ambalo ni la hapa hapa. Mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara zilibomolewa kupisha upanuzi. Zilikuwamo nyumba za kupanga, fremu za maduka, na nyumba ambazo watu walikuwa wamezeekea ndani. Aliyepima kwa macho aliiona barabara iko mbali. Alama nyekundu ya X ilipopakwa ukutani, wapangaji walihama kwa siku chache wakatafuta chumba kingine, na mwenye nyumba akabaki na kifusi. Hapo ndipo unapoona tofauti kati ya kupanga na kumiliki: mpangaji hupoteza miezi yake, mwenye nyumba hupoteza miaka yake.

Mabondeni ni hivyo hivyo. Desemba 2011 Bonde la Msimbazi lilifurika, zaidi ya watu 40 wakafa jijini, na walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande. Kiwanja cha bondeni huuzwa kiangazi, kikiwa kikavu, chenye mchicha umestawi, na bei yake inakufanya ujione mjanja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ufukwe, kwa hiyo hata maji yasipokufikia, sheria inaweza kukufikia. Usiridhike na karatasi ya mauziano iliyopigwa mhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba mmekubaliana. Hawezi kushuhudia kwamba barabara haitapita. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa ukaulize eneo limepangiwa nini. Kule Kigamboni, baada ya mpango wa mji mpya kutangazwa mwaka 2008, watu walikaa miaka wakiwa na viwanja wasivyoruhusiwa kuviendeleza, na fedha yao imelala humo. Kisha waulize wakazi wa zamani, hasa akina mama wanaouza vitumbua alfajiri, maana wao ndio wanaojua maji ya masika hupita wapi na saa ngapi.

Kuna kosa jingine ambalo linafanana na la kula kodi kabla haijaiva, nalo ni kuihesabu kodi ya mpangaji ambaye anaweza asije. Miaka ya nyuma, maeneo ya jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu akiwa na vyumba vya wanafunzi alijiona amelala kwenye dhahabu. Chuo kilikuwa na wanafunzi wengi kuliko vitanda, na kila Oktoba foleni ilikuwa mlangoni. Aprili 2017 zikazinduliwa hosteli mpya ndani ya chuo, majengo 20, nafasi za wanafunzi 3,840. Mwenye vyumba vya vitanda vinne vinne, bafu la pamoja na meza za kusomea ukutani alikuwa amejenga kitu ambacho familia haiwezi kupanga. Jirani yake aliyejenga chumba na sebule akampoteza mwanafunzi leo, akampata karani wa benki wiki ijayo.

Uhamisho wa serikali kwenda Dodoma, uliotangazwa Julai 2016, ulikuwa na funzo kama hilo kwa pande zote mbili. Wenye nyumba waliotegemea maofisa wa wizara Dar es Salaam walianza kuona mabango ya nyumba inapangishwa kwenye mageti ambayo hayakuwahi kuwa na bango. Dodoma nako vyumba vikagombaniwa, kodi zikapanda, na watu wakakimbilia kujenga. Mimi ningemwambia yeyote anayejenga akimfikiria mpangaji mmoja tu, awe mwanafunzi, mtumishi au mfanyakazi wa mgodi, ajiulize swali moja: huyu akiondoka, nani mwingine anaweza kuingia bila mimi kubomoa ukuta?

Turudi kwa Mjomba na dalali wake. Dalali alikuwa kijana mchangamfu na alijaza vyumba kwa wiki moja, kazi ambayo Mjomba peke yake asingeiweza. Kwa desturi yetu mpangaji ndiye anayemlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba huona hiyo si gharama yake. Itazame vizuri. Dalali hulipwa kila mpangaji anapoingia, na mpangaji mpya hawezi kuingia mpaka wa zamani atoke. Mpangaji anayekaa miaka mitano ni hasara kwa dalali na ni baraka kwako. Kwa hiyo ushauri wake lazima upimwe. Mwaka wa pili alimwambia Mjomba kwamba soko limepanda, vyumba kama vile ni 70,000, awaambie wapangaji waongeze au wapishe.

Watatu waliongeza. Fundi seremala wa chumba cha pili, ambaye hakuwahi kuchelewa na ambaye alikuwa anatengeneza milango ya nyumba nzima bila kudai malipo, alihama. Chumba kikakaa miezi miwili kitupu. Miezi miwili kwa 60,000 ni 120,000. Nyongeza ni 10,000 kwa mwezi. Ilihitaji mwaka mzima wa mpangaji mpya ili Mjomba arudi pale alipokuwa, bila kuhesabu rangi, na bila kuhesabu fundi wa milango ambaye sasa analipwa. Dalali alipata 70,000 yake siku ya kwanza. Simtuhumu kwa ubaya. Alifanya kazi yake na alishauri kwa upande wake. Kodi ipandishwe, kwa sababu bei za saruji na bati hazisubiri, lakini ipandishwe kidogo kidogo, kwa notisi iliyoandikwa miezi kadhaa kabla, na kwa mpangaji mwema ipande kwa mkono mwepesi zaidi.

Umeme nauzungumzia kwa ufupi. Mita moja kwa vyumba sita ni chanzo cha vita. Mmoja ana friji, mwingine ana taa moja na redio, wa tatu anapiga pasi za watu kwa biashara, na wote wanachanga sawa mpaka siku wanapokataa. Mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, ifungwe wakati wa ujenzi, kabla ya plasta.

Na kumtoa mpangaji asiyelipa. Hapa naomba nisikilizwe na kila mwenye nyumba aliyewahi kuambiwa na marafiki zake ang'oe bati, atoe mlango au afunge kufuli juu ya kufuli. Usifanye. Mtu aliye ndani kwa makubaliano, hata ya mdomo, hatolewi kwa nguvu za mwenye nyumba. Mgogoro huanzia kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata, na ukishindikana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, vyombo vilivyopewa migogoro ya ardhi na sheria ya mwaka 2002. Njia ni ndefu, nakubali. Lakini aliyeng'oa bati huenda kwenye baraza hilo hilo akiwa yeye ndiye mlalamikiwa, na mbali na sheria, kuna watoto wanalala chini ya bati hilo. Ukiwa na mkataba wa pango wenye majina, kiasi, tarehe, muda wa notisi na saini za mashahidi, una cha kuweka mezani. Mjomba aliandika mikataba yake sita ya kwanza mwaka wa pili, kwa mkono, nakala mbili mbili, na mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Seremala alikuwa ameshahama. Muuguzi alishafika Lindi zamani.

Nilimtembelea masika yaliyopita. Shimo jipya lilikuwa limetulia. Chumba cha nne sasa anakaa mwalimu wa shule ya msingi, analipa mwezi kwa mwezi, na Mjomba ana daftari la kaunta ambalo kila ukurasa ni chumba kimoja, lina safu ya iliyopokelewa na safu ya iliyoiva. Ana laini ya pili ya simu ambayo shangazi ndiye anayejua namba yake ya siri, na bila shangazi haifunguki. Tulikuwa tunakunywa chai pale barazani alipokuja mtu kumtangazia kiwanja, Chanika, bei nzuri, kikavu kabisa, muuzaji ana haraka.

Mjomba alimkaribisha chai, akamuuliza maswali mengi kuhusu hati, akaandika jina la mtaa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha tena, kubwa, inapiga bati mpaka tulilazimika kuinua sauti. Akasimama, akachukua koti na mwavuli.

"Basi twende tukakione sasa hivi," akasema.

Yule mtu akasema barabara ya kule haipitiki kukiwa na mvua.